Homa Baada ya Kipimo Hasi

Mtu akiamka na homa kali, kichwa kinamgonga na viungo vinamuuma, akaenda kupima, mara nyingi atarudi nyumbani na jina mojawapo kati ya matatu: malaria, taifodi au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Wengine hurudi na mawili kwa mpigo. Kauli ya "nina malaria na taifodi" imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeshangaa imekuwaje vimelea viwili visivyo na undugu wowote, kimoja kikiletwa na mbu wa usiku na kingine kikipita kwenye maji au chakula kilichoguswa na kinyesi, vimvamie mtu yuleyule siku ileile, na mwakani tena vivyo hivyo. Kutokea kunaweza kutokea. Lakini jambo la nadra linapoandikwa kwenye vyeti vya wagonjwa kila siku, wa kutiliwa shaka si mwili wa mgonjwa, ni namna tunavyoutafuta ugonjwa. Lawama hii hatuwezi kuvitwisha vipimo peke yake, wala matabibu peke yao. Tumejijengea mazoea ya kukimbilia maabara kabla ya kuuliza ugonjwa umepita njia gani kumfikia mtu, na kipimo hakijibu ila swali kililoulizwa.

Ushahidi kwamba tunakosea upo, na umekuwepo kwa muda mrefu. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali; damu zao zilipochunguzwa upya na wataalamu wa hadubini, 2,062 tu ndio waliokutwa na vimelea. Zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Linalotisha zaidi ni hesabu ya vifo: katika wenye malaria ya kweli walikufa asilimia 6.9, na katika wale wasio na vimelea walikufa asilimia 12.1. Miaka michache baadaye, watafiti wa homa mjini Moshi waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa. Matabibu waliandika malaria kwa asilimia 60.7 kati yao. Waliothibitika kuugua kwa sababu ya malaria walikuwa asilimia 1.6. Waliposakwa kwa vipimo vya kina, zaidi ya robo ya waliopimwa walikutwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama: brusela, leptospira, homa ya Q na homa zinazoletwa na kupe. Mkoa wa wafugaji, magonjwa ya mifugo, na vyeti vinasema mbu.

Ili kuelewa kosa hili linavyozaliwa, inabidi tuanzie kwenye homa yenyewe. Joto linalopanda hatupandishiwi na mdudu moja kwa moja. Mwili ndio unaolipandisha. Chembe nyeupe za damu zinapokutana na mgeni hutoa kemikali za kupashana habari, kemikali hizo zikafika kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia joto, na sehemu hiyo ikainua kiwango chake. Mwili wa nyuzi 37 ukishaambiwa kwamba sasa kiwango ni 39, unajiona uko kwenye baridi. Misuli inatetemeka na mgonjwa anajifunika blanketi huku ngozi yake inaunguza. Njia hii ni ileile kwa kirusi, kwa bakteria na kwa kimelea cha malaria. Ndiyo maana hakuna tabibu, awe bingwa wa namna gani, anayeweza kushika paji la uso akajua aliyeingia ni nani. Dalili za siku za kwanza zinasema tu kwamba nyumba imevamiwa.

Tofauti zinaanza pale tunapofuata kila mvamizi anakojificha na muda anaouchukua. Kimelea cha malaria huingizwa na mbu jike aina ya Anofelesi, hukimbilia kwenye ini na kukaa kimya kwa wiki moja au zaidi, kisha hutoka na kuvamia seli nyekundu, ambamo huzaliana na kuzipasua kila baada ya takribani saa 48. Seli zenye kimelea cha aina ya falsiparamu hunata kwenye kuta za mishipa midogo, na zikinata kwenye ubongo mtoto huanguka degedege au kupoteza fahamu. Bakteria wa taifodi hupenya kwenye utumbo na kuingia ndani ya chembe zilezile zilizotumwa kuwaua, wakasafiri humo hadi kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa. Homa yao hupanda polepole siku hadi siku, na katika damu inayozunguka wao wenyewe ni wachache mno. Kirusi cha dengi huletwa na mbu wa mchana, hujaa kwenye damu katika siku tano za mwanzo, halafu hutoweka na kuziacha kingamwili tu. Bakteria wa leptospira hutoka kwenye mkojo wa panya, mbwa na mifugo, wakaishi kwenye maji na tope, wakaingia kwenye mguu wenye mchubuko. Kila mmoja ana njia yake, maficho yake na kalenda yake. Anayepima bila kuvijua vitu hivyo vitatu anabahatisha, hata kama mashine yake imenunuliwa jana.

Kwa upande wa malaria tumepiga hatua ya kweli. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, na kipimo cha haraka, maarufu kama mRDT, kikafika hadi zahanati zisizo na umeme. Kidole kinatobolewa, tone moja la damu linawekwa kwenye kitundu, matone ya dawa ya maji yanafuata, na baada ya dakika 15 hadi 20 mstari mmoja unasema huna, miwili inasema unayo. Wakati huohuo vyandarua na dawa mseto viliupunguza ugonjwa wenyewe: katika tafiti za kitaifa za Tanzania Bara na Zanzibar, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea walikuwa takribani asilimia 18 mwaka 2008, na wakashuka hadi asilimia 8 mwaka 2022. Kauli ya "si kila homa ni malaria" ikaingia masikioni mwa watu. Tatizo ni kwamba kauli hiyo iliishia njiani. Ilimwambia mgonjwa homa yake si nini, haikumwambia ni nini, na tabibu aliyeshika kipimo chenye mstari mmoja akabaki na mgonjwa anayemtazama akisubiri jina.

Jina likatafutwa na likapatikana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliojumlisha wagonjwa zaidi ya nusu milioni katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, uligundua kwamba waliokutwa na malaria walipewa antibiotiki kwa asilimia 40, na waliokutwa hawana malaria walipewa kwa asilimia 69. Dawa za malaria zilipoondolewa mezani, antibiotiki zilikaa mahali pake. Je, wagonjwa hao walikuwa na bakteria? Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliopimwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, unatoa jibu lisilopendeza kwa wauza dawa. Asilimia 70.5 ya watoto hao walikuwa na maambukizi ya virusi, ambayo antibiotiki haiyagusi. Malaria walikuwa nayo asilimia 10.5, maambukizi ya njia ya mkojo asilimia 5.9, na taifodi asilimia 3.7. Kundi kubwa kabisa lilikuwa mafua, kikohozi na maambukizi mengine ya njia ya hewa, na katika hao wenye nimonia iliyoonekana kwenye eksirei walikuwa mmoja kati ya ishirini. Ingekuwa vyeti vyetu vinaakisi hali hii, neno linaloandikwa mara nyingi kuliko yote lingekuwa "virusi, apumzike, anywe maji, arudi akizidiwa". Nani amewahi kulipia ushauri wa namna hiyo akaondoka ameridhika?

Taifodi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kipimo kinachotumika zaidi kuitafuta ndicho kinachodanganya zaidi. Kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Mtaalamu wa maabara huchanganya maji ya damu ya mgonjwa na kimiminika chenye bakteria waliouawa, akakitikisa juu ya kigae cheupe na kutazama kama vinaganda vipunje. Vikiganda, mgonjwa ana kingamwili zinazowatambua bakteria hao. Hapo ndipo penye mtego. Kingamwili hukaa mwilini miezi na miaka baada ya ugonjwa kupita. Aliyechanjwa anazo, na aliyewahi kuugua kutokana na jamaa wengine wa bakteria hao, wa kundi la Salmonela, anaweza kuwa nazo pia. Kwa kufuata taratibu, Widal ilitakiwa ifanywe mara mbili kwa tofauti ya siku kumi au zaidi, ili ionekane kama kingamwili zimepanda. Sijui ni kituo gani kinachomwambia mgonjwa wa homa aje baada ya wiki mbili. Kinachofanyika ni mara moja, asubuhi hiyohiyo, na cheti kinaandikwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua wagonjwa 1,000 wenye homa, ambao kati yao 20 wana taifodi kweli. Tuseme kipimo chetu kinawakamata asilimia 70 ya wenye ugonjwa, na kinawasingizia asilimia 20 ya wasio nao. Katika wale 20 kitawapata 14. Katika 980 waliobaki kitawasingizia 196. Watakaoambiwa wana taifodi ni 210, na wenye taifodi kati yao ni 14, yaani mmoja katika kila kumi na watano. Ajabu ya hesabu hii ni kwamba mtaalamu wa maabara hajakosea popote. Amesoma vipunje kama alivyofundishwa. Kosa limefanyika kabla sampuli haijafika kwake, pale walipopelekwa watu wote elfu moja bila kuchujwa. Wangechujwa kwanza, wakabaki wale ambao homa yao imedumu zaidi ya siku kadhaa na inapanda, wanaoishi penye maji machafu au penye mlipuko unaojulikana, kipimo kilekile kingetoa majibu yenye uzito zaidi. Hata hapo njia ya kutegemewa ni kuotesha damu maabara, ambako kunachukua siku kadhaa, kunahitaji mililita nyingi za damu, na bado kunawakosa wagonjwa kama wanne katika kila kumi, kwa sababu ya ule uchache wa bakteria kwenye damu. Kwa hiyo ukweli kuhusu taifodi ni ghali. Uongo wake ni wa bei nafuu, na ndio unaouzwa.

Mtu asidhani kwamba kipimo cha malaria kimesalimika kabisa. Protini inayotafutwa na mRDT nyingi hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo aliyemaliza dozi juzi anaweza kuonekana bado anaumwa. Na mtu mzima aliyeishi miaka yote kwenye eneo lenye malaria nyingi anaweza kubeba vimelea vichache bila kuugua. Akipata homa ya virusi na akapimwa, mistari miwili itatokea, na mwenye hatia atatoroka. Kuhusu UTI nitasema kwa ufupi: vijiusaha vichache kwenye mkojo uliokingwa ovyo, kwa mtu asiyesikia maumivu wala kwenda haja mara kwa mara, havitoshi kueleza homa ya nyuzi 39.

Sasa turudi kwenye njia. Julai 2022, katika wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kufika kituoni wakiwa na homa, kichwa kuuma, uchovu na damu puani. Damu puani pamoja na homa huleta hofu ya Ebola na Marburg, na sampuli zilipimwa magonjwa hayo. Majibu yakawa hasi. Kazi ingeweza kuishia hapo, kama inavyoishia kwa maelfu ya wagonjwa wenye vipimo hasi. Haikuishia, kwa sababu wagonjwa walikuwa karibu ishirini kutoka eneo moja, watatu walikuwa wamekufa, na timu ilitumwa kuchunguza wanaishije na wanagusa nini. Jibu lilikuwa leptospira, ambayo Wizara ya Afya iliitangaza kwa umma kama homa ya mgunda. Ugonjwa huo unatibika kwa penisilini au doksisaiklini, dawa zisizo ghali wala adimu. Tujiulize ni watu wangapi wa mashamba ya mpunga na machinjio hufika mmojammoja, bila damu puani na bila timu ya wizara, wakaandikiwa taifodi. Uchunguzi kama wa Ruangwa uliwahi kufanyika Newala mwaka 1952, pale homa ya viungo ilipovilemaza vijiji vya uwanda wa Wamakonde. Ilifanana mno na dengi, na ingeweza kubaki na jina hilo. Wachunguzi walichukua damu, kirusi kikatengwa, na dunia ikajifunza kuhusu chikungunya.

Kujua njia kunahitaji maswali machache ambayo hayana bei: homa ilianza lini, umelala wapi wiki tatu zilizopita, unafanya kazi gani, umegusa mnyama au nyama mbichi, umekunywa maziwa yasiyochemshwa, umemuuguza au kumzika nani, nyumbani kuna mwingine anayeumwa. Swali la "lini" peke yake linabadili kipimo kinachofaa. Dengi siku ya pili hutafutwa kwa kirusi chenyewe au protini yake. Siku ya nane hutafutwa kwa kingamwili, na anayetafuta kirusi siku hiyo ataambiwa hakuna. Swali la "umemuuguza nani" linaokoa wasio wagonjwa. Machi 2023 Marburg ilipoingia Kagera, walihesabiwa wagonjwa tisa na sita walikufa, akiwemo mhudumu wa afya. Ugonjwa huo huanza kama homa nyingine yoyote na huenea kwa kugusana na majimaji ya mwili, kwa hiyo jina lisilo sahihi la siku ya kwanza hulipiwa na anayemuogesha mgonjwa siku ya nne.

Wapo watakaopinga, na hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni ya usalama: mtoto mwenye malaria kali anaweza kufa ndani ya siku moja, kwa hiyo heri kumtibu kwa kukisia kuliko kumchelewesha. Hoja hii ilikuwa na nguvu kabla ya mRDT. Leo kusubiri dakika 20 hakumuui mtoto, na takwimu za mwaka 2004 zinaonyesha upande wa pili wa kukisia: waliokufa zaidi ni wale waliotibiwa malaria wakiwa hawana. Mtoto aliye mahututi apewe dawa ya malaria na antibiotiki kwa pamoja wakati uchunguzi unaendelea, na miongozo inaruhusu. Tatizo letu ni mtu mzima anayetembea kwa miguu yake na kuandikiwa dozi ya mahututi.

Hoja ya pili inasema kwamba homa nyingi ni za virusi na hupona zenyewe, basi jina linasaidia nini? Linasaidia kujua cha kutompa. Mgonjwa wa dengi anayechomwa sindano ya diklofenaki ili maumivu yaishe, au akanywa aspirini, anaongezewa hatari ya kuvuja damu. Dawa yake ya homa ni parasetamoli. Tena hatari ya dengi huja pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, mishipa inapoanza kuvujisha maji ya damu. Mgonjwa aliyeambiwa ana taifodi huona homa imeshuka, akaisifu dawa na kulala, wakati ndio saa ya kurudi hospitali akiona tumbo linauma sana, anatapika mfululizo au fizi zinatoka damu. Na antibiotiki isiyohitajika haipiti bure mwilini. Inawaacha hai bakteria sugu, ambao siku ya taifodi ya kweli watakuwa wameshaizoea.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, maana imejaa ukweli: tabibu wa zahanati ana wagonjwa foleni mpaka nje, hana maabara ya kuotesha damu, hana kipimo cha leptospira wala cha dengi, na mgonjwa akiondoka bila dawa ataishia duka la dawa la jirani na kupewa bila kuulizwa chochote. Yote ni kweli. Lakini tazama kinachoweza kupunguzwa: kipimo cha Widal, na antibiotiki ya siprofloksasini inayofuata, vina gharama ambayo mgonjwa tayari anailipa. Hatuombi fedha mpya kwa ajili ya kuacha kipimo kibovu. Kwa yale yasiyopimika zahanati, maabara za rufaa zipo. Kinachokosekana ni sampuli kupelekwa mapema, kabla wagonjwa hawajafika ishirini. Na swali la "unafanya kazi gani" huchukua muda mfupi kuliko kuandika cheti cha vipimo vinne.

Kuna mahali pengine ambapo jina lisilo sahihi linaendelea kudhuru hata mgonjwa akipona. Kila utambuzi huandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za kituo, vitabu hujumlishwa wilayani, wilaya hupeleka taifani, na kwa hesabu hizo dawa huagizwa na bajeti hupangwa. Zahanati inayoandika taifodi mia moja kwa mwezi, ambazo pengine sita au saba ni za kweli, inaomba siprofloksasini na inapewa. Leptospira haijaandikwa popote, kwa hiyo hakuna anayeagiza kipimo chake, na kwa kuwa kipimo hakipo, mwezi ujao haitaandikwa tena. Wizara zetu ziondoe Widal ya mara moja kwenye orodha ya vipimo vya homa, na ziruhusu tabibu aandike "homa isiyo malaria, chanzo hakijajulikana" bila kuonekana ameshindwa kazi. Nawe msomaji, ukienda kituoni taja siku homa ilipoanza, ulikokuwa na ulichokishika hata kama hujaulizwa. Ukiambiwa una taifodi kwa kipimo cha dakika chache, uliza ni kipimo gani na kama kuna namna ya kuthibitisha kabla hujafungua kidonge cha kwanza.